Pigo Lililopitia Ukingoni na Posa ya Severina

Igowole, Mufindi,
20 Agosti 1956.

Kwa Katibu,
Kamati ya Sheria za Biliadi,
Mbeya.

Bwana Katibu Yotamu,

Uniwie radhi kwa ukimya wangu. Barua yako iliyouliza kama ukumbi wetu wa Igowole una malalamiko yoyote kuhusu sheria za biliadi ilinifikia mwezi wa Aprili. Sikuijibu kwa sababu hatukuwa na malalamiko. Sasa ninayo, nami nayaandika yote kwa pamoja ili stempu moja itoshe.

Jumamosi ya tarehe 28 Julai, saa tisa alasiri, nilikuwa ukumbini nikitazama mchezo. Mzee Mika akaja akaketi kando yangu, akakohoa mara mbili, akasema kwamba yeye ni mshenga na ametumwa na Lutengano. Huyu ni kijana wa Kinyakyusa, karani wa kupima majani ya chai, ambaye mwezi wa Januari atahamia Mbeya. Anamtaka binti yangu Severina. Severina ni kitindamimba wangu, na tangu macho yangu yaanze kuchoka ndiye anayenisomea gazeti na barua, hata hiyo yako.

Wewe ni mtu wa huku na unajua kwamba mshenga haambiwi hapana. Hupewa jambo lisilowezekana, akaondoka na heshima yake. Marehemu baba yangu aliwahi kumwomba mshenga mmoja alete chui aliyefugwa. Mimi, kwa kuwa meza ilikuwa mbele yetu, nilinyoosha mkongojo wangu nikasema: "Mwambie kijana wako aiingize ile tufe nyeusi katika mfuko ule wa kona, kwa pigo moja, nami nitapokea posa." Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba tufe nyekundu imesimama katikati, imeificha nyeusi kabisa isifikiwe na ile nyeupe ambayo ndiyo hupigwa kwa fimbo. Hivyo nilikuwa nimekataa kwa adabu.

Lutengano, aliyekuwa akicheza palepale mezani, akapaka chaki kwenye ncha ya fimbo. Akaitazama nyeusi, kisha akatazama mahali pasipo na kitu. Akaipiga tufe nyeupe ubavuni. Ikaenda ukingoni, mbali na kila kitu, nami nikaanza kumwandalia maneno ya pole. Lakini ilipougusa ukingo ilikata kona ambayo haimo katika hesabu, ikaizunguka nyekundu, ikaigusa nyeusi kidogo tu, nayo nyeusi ikaingia mfukoni kama panya aliyezoea njia.

Andendekisye, mpasua mbao, akasema watu wote wasikie: "Mwalimu, nenda ukakamate jogoo." Mwingine akaniuliza kama wajukuu nitasema nao Kinyakyusa mwenyewe au nitaajiri mkalimani. Mzee Mika hakucheka. Alisema taratibu: "Mwalimu, meza imesema."

Nilimjibu kwamba meza haikusema, meza ilidanganywa, na kwamba shauri hili litakatwa na Kamati ya Mbeya. Mzee Mika alikubali. Kwa hiyo, Bwana Katibu, ninyi ndio mtakaoamua kama pigo lile ni halali, na mkisema ni halali binti yangu ataolewa. Severina mwenyewe ndiye anayenipikia chai. Ila kwa wiki tatu sasa chai yangu haina sukari.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu jicho. Mimi nilifundisha shule miaka thelathini na mmoja, na njia yangu ya kulenga ni ile ya rula: fimbo, tufe nyeupe na tufe inayotakiwa viwe katika mstari mmoja, kisha mtu apige kile anachokitazama. Vijana hawa hawailengi tufe. Wanalenga ukingo wa tufe. Wanasema, "Hii naipa nusu," au "Hii robo inatosha." Mtu anayekipa kila kitu robo ya macho yake atampa mke wake nini?

2. Kuhusu tufe isiyokuwapo. Nilimwuliza Lutengano, mbele ya mashahidi, alikuwa akitazama nini. Alisema: "Shikamoo Mwalimu. Unawaza tufe nyingine imekaa imeegemea ile unayoitaka, upande wa nyuma. Hiyo usiyoiona ndiyo unayoilenga." Nilimtaka arudie, akarudia. Babu zetu walipoacha chakula mlangoni kwa ajili ya wasioonekana, tulibatizwa ili tuache. Sasa naombwa, mimi mzee wa kanisa la Kilutheri, niketi ukumbini mchana kweupe na kuamini tufe ambayo haikununuliwa, haina rangi, na ikipotea hakuna wa kuulizwa.

3. Kuhusu tufe inayorudi. Ikipigwa chini ya kitovu, tufe nyeupe hukimbia mbele, humgonga mwenzake, kisha hurudi nyuma kwa mwenye fimbo kama mtu aliyesahau kofia. Tufe iliyoumbwa mviringo iliumbwa iende. Mgeni akija kwangu, akagusa mlango, akarudi kinyumenyume kabla hajapewa kigoda, sisemi kwamba ana ufundi. Nahesabu kuku wangu.

4. Kuhusu tufe inayofuata. Ikipigwa juu ya kitovu, nyeupe haitosheki na kumgonga mwenzake, bali humfuata hukohuko alikokwenda. Mara nyingine humfuata mpaka mfukoni, na mpigaji hupata adhabu. Hapa sina malalamiko. Naona haki imetendeka.

5. Kuhusu kupiga ubavuni. Hili ndilo kosa lenyewe, nami nataka lisomwe mara mbili kikaoni. Tufe iliyopigwa kulia au kushoto husafiri kama tufe nyingine yoyote, kwa unyofu wote, hata mchungaji angeipa dhamana. Haionyeshi tabia yake mpaka imeufikia ukingo. Hapo ndipo hugeuka. Vijana wanasema eti hata tufe inayogongwa huyumbishwa kidogo na ule mzunguko, kwa hiyo mjanja hulenga pembeni kwa makusudi ili kosa lisahihishe kosa. Nilipowafundisha watoto hesabu za kutoa, sikumpa alama mtoto aliyekosea mara mbili akafika kwenye jibu.

6. Kuhusu madhara nje ya ukumbi. Tangu siku ile Igowole haisemi tena lugha iliyonyooka. Mama mmoja aliyechelewa ibada alisema amepitia ukingoni. Mwinjilisti alianza na Nuhu, akapita kwa Yona, akaishia kwenye paa la kanisa linalovuja, na watu wakanong'ona: "Hiyo kaipiga ubavuni." Siwalaumu sana, maana mifano wameiona kwa wakubwa. Mzungu aliyetuachia meza hii alikuwa mpima ardhi. Miezi sita alisimamisha chombo chake akisema anatazama mlima. Alipoondoka tuligundua kwamba lililopimwa ni bonde, na bonde sasa lina mwenyewe. Na kila mwaka barazani tunaambiwa kwamba barabara nzuri inakuja Igowole. Ni kweli huja. Tunaliona vumbi lake. Ikifika kwenye daraja la mto hurudi ilikotoka, kwa kuwa aliyeipiga aliipiga chini. Simtaji mtu.

7. Kuhusu washenga. Nimetafakari sana, na haki hainiruhusu kuishia mezani. Mshenga naye ni nini, kama si tufe nyeupe? Kijana anamtaka binti, lakini hampigi binti. Anampiga Mzee Mika, Mzee Mika anakwenda kugonga ukingo, yaani mimi, na kutoka kwangu ndipo binti aguswe. Naomba Kamati ipige marufuku na jambo hili. Natambua kwamba mimi mwenyewe nilimpata mke wangu Rozalia kwa mshenga, tena wawili, lakini enzi zile mzunguko ulikuwa haujafika Uheheni.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, pigo la tarehe 28 Julai litamkwe kuwa si halali, na posa iliyotokana nalo irudi ilikotoka. Pili, chaki izuiwe, maana pasipo chaki ncha ya fimbo huteleza na mwovu hushindwa. Nina uzoefu na chaki, na sikuijua kuwa na tabia hii. Tatu, kingo za meza zivikwe magunia ya pareto, ili tufe ikifika hapo ipumzike. Nne, ikiwa hayo yote hayatoshi, tufe zipigwe randa upande mmoja. Seremala wetu amesema inawezekana, ingawa aliniangalia muda mrefu kabla ya kusema hivyo.

Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, mkeo, watoto, na wazee wa usharika wenu. Mke wangu anakusalimu. Severina angekusalimu, lakini hajui kwamba nakuandikia. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, ndiyo maana mistari inapanda.

Nabaki katika utii wa sheria,
Mwl. Eliezeri Kalinga,
Mwalimu Mstaafu.

Tanbihi, 22 Agosti. Barua hii haikuondoka Jumatatu. Niliona ni vema kuambatanisha mchoro, kwa hiyo leo mchana nilikwenda ukumbini peke yangu, nikazipanga tufe kama zilivyokuwa siku ile, ili nithibitishe pia kwamba mtu mnyofu hawezi kuiingiza nyeusi. Nilipiga mara ishirini na sita kwa njia ya rula, na nilithibitisha mara zote ishirini na sita.

Rozalia akaniletea chakula, akasimama akitazama. Hajashika fimbo ya biliadi maishani mwake. Akasema: "Baba Severina, unaisukuma kama lango la zizi. Iguse ubavuni, kama unavyoligonga debe unga ulalie upande mmoja." Nilifanya hivyo ili aone kosa lake. Nyeusi iliingia. Nikarudia, ikaingia tena. Bwana Katibu, sijui nikuelezeje: ile nyeupe ilipougusa ukingo iligeuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Chakula kilipoa.

Kwa hiyo naomba maombi yangu, la kwanza hadi la nne, yasisomwe kikaoni, na malalamiko pia, isipokuwa la barabara. Hilo lisomwe kwa sauti.

Limebaki jambo dogo. Ile ya kurudi nyuma inanishinda kabisa, na hapa Igowole anayeijua ni Lutengano tu. Lakini kwa desturi yetu mposaji hasimami wawili tu na baba wa binti, wala hakanyagi uwanja wake, mpaka posa ipokewe. Sasa nitafundishwaje? Nimempelekea Mzee Mika habari kwamba Jumapili alete jembe la posa, na nimeweka sharti moja tu: Severina hataondoka nyumbani mpaka niweze kuirudisha tufe mara nane katika kumi. Kijana akamjibu mshenga kwamba hiyo ni kazi ya wiki mbili. Hajui kwamba mimi ni mwanafunzi mzito, na nikiamua naweza kuwa mzito miaka mingi.

Severina ameambiwa sharti hilo jioni hii. Amenitazama, akamtazama mama yake, kisha wameingia jikoni wote wawili na kufunga mlango. Wakishakata shauri nitakuandikia.