Sera ya Kichwa Huru

Ndugu wananchi, mengi yameandikwa juu ya uhuru wa nchi. Juu ya uhuru wa kichwa hakuna aliyeandika lolote, mpaka Jumuiya ya Miji ya Ziwa Magharibi, ambayo mimi nilikuwa Katibu wake Mkuu, ilipolivalia njuga suala hilo.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha. Mwenyekiti wetu, Ndugu Karugendo, mjumbe wa Bukoba, alikuwa ametoka ziara ya mafunzo ng'ambo. Huko alizunguka mjini wiki nzima bila kumwona mtu hata mmoja aliyejitwisha kitu. Aliporudi, wa kwanza kukutana naye sokoni alikuwa mama wa Rubafu aitwaye Kokushubila, amebeba mkungu wa ndizi uliomfunika mpaka mabega. Mwenyekiti aliona aibu kwa niaba yake.

"Mama, kichwa ni cha kufikiria," akamwambia.

"Nafikiria, waitu," Kokushubila akajibu kwa heshima ya Kihaya. "Nafikiria nitautua wapi."

Hapo hapo sera ikazaliwa: ni marufuku kubeba mzigo kichwani ndani ya mji wowote mwanachama. Atakayekamatwa, mzigo wake utataifishwa.

Kwa katiba yetu, sera ya pamoja ilipita kwa kura za wanachama, kila mji kura moja. Miji ilikuwa mitatu. Bukoba ikasema ndiyo. Muleba, kwa kinywa cha Ndugu Mushumbusi, ikasema hapana, kwamba kwao vitu vikishuka kichwani haviendi popote. Mjumbe wa tatu alikuwa amelala. Alipoamshwa akatangaza kwamba anaunga mkono pande zote mbili. Matokeo yakawa sare.

Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mwenyekiti akaongeza miji. Chini ya Mpango wa Upanuzi wa Haraka wa Umiji, kijiji chochote chenye duka la mafuta ya taa kilihesabiwa kuwa mji, na kibao cha jina la mji kilitolewa bure na ofisi yangu. Kagoma ikawa mji kabla ya chakula cha mchana. Rubafu ikawa mji huku mvua ikinyesha. Vikafuata vingine kadhaa. Wajumbe wao waliletwa Bukoba, wakala nyama, wakanyoosha mikono walipoambiwa, na Sera ikapita kwa kishindo.

Utekelezaji ulikuwa wa kuridhisha. Askari wa Jumuiya walitaifisha ndizi za Kokushubila mara tu alipoingia Bukoba. Akarudi kwao mikono mitupu, na kwa kuwa Rubafu nayo sasa ilikuwa mji, akakuta majirani zake wamekatazwa kutoka kisimani na ndoo kichwani. Watoto walilala bila kuoga, na baadhi bila kula. Mjumbe wa Rubafu, mzee Mujuni, aliyekula ile nyama, aliambiwa na mkewe akajipikie kwa maji ya kura yake. Akajiuzulu kwa sababu za kifamilia. Wananchi wakamchagua Kokushubila.

Kikao kilichofuata akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi sipingi Sera. Naomba kuuliza tu, ndizi zifike sokoni kwa njia gani?"

"Kwa vyombo vya kisasa."

"Rubafu hatuna chombo. Tuna kibao."

Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza.

"Nimeona gari hapo nje," mama akaendelea. "Ni lako, au ni la Jumuiya?"

Katika miaka ile ya Azimio, swali hilo lilikuwa na jibu moja tu.

"La Jumuiya," Mwenyekiti akasema, kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

"Basi natoa hoja. Siku za soko gari la Jumuiya libebe ndizi za wanachama."

"Naunga mkono!" Mushumbusi akadakia kabla mama hajaketi.

Miji yote ikanyoosha mikono isipokuwa Bukoba. Mwenyekiti akapendekeza papo hapo Rubafu irudishwe kuwa kijiji. Hilo nalo lilihitaji kura, na kura aliyoipata ilikuwa ya kwake.

Siku ya soko, basi, gari likaenda Rubafu na Mwenyekiti akaenda ofisini kwa miguu. Mvua ya Bukoba haimsubiri mtu. Ilipomshukia, kiongozi wetu alifanya ambalo mwanadamu yeyote angelifanya: akauweka mkoba wake kichwani.

"Ndugu, tua!" askari akamwamuru.

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, Mwenyekiti. Ndiyo maana nimekuomba. Wengine huwa nawanyang'anya."

Mkoba ukataifishwa. Mwenyekiti akawekwa katika kibanda cha askari pamoja na akina mama waliokuwa wakidai mali zao. Klaudia, muuza vyungu, akamsogezea nafasi.

"Kaa hapa, baba, hapa hapavuji."

Alikaa pale mpaka jioni.

Kikao cha dharura kiliitishwa ili asamehewe. Kokushubila akakataa.

"Kumsamehe mmoja ni upendeleo. Natoa hoja tuifute Sera, tusamehewe wote. Nani ananiunga mkono?"

Aliyeruka kwanza alikuwa Mwenyekiti. Alihutubia kwa kirefu juu ya heshima ya kichwa cha Mwafrika, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kihaya, akamtaja marehemu mama yake na mtungi wake wa maji, akatoa leso. Hoja ikapita bila kupingwa. Katika taarifa rasmi niliandika kwamba ameongoza mapambano dhidi ya sera kandamizi.

"Basi," akasema akijifuta machozi, "gari langu sasa lirudi."

Ilinibidi nisimame na kueleza katiba. Hoja ya gari ilipitishwa peke yake, kwa kura zake yenyewe. Kufuta Sera ya kichwa hakukuigusa.

"Ipigiwe kura!" akaamuru.

Ikapigiwa. Mikono ya wajumbe ikabaki mapajani.

Siku ya soko iliyofuata Mwenyekiti alilisimamisha gari barabarani, akapanda nyuma penye mikungu. Kokushubila, aliyekaa mbele na dereva, akatoa kichwa dirishani.

"Waitu, usizikalie hizo za upande wa kushoto," akamwambia. "Zimeiva."