Mkono wa Birika

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wa kiwanda chetu cha kushona sare anastaafu Ijumaa. Kiti chake ni changu. Miaka tisa nakata vitambaa! Kikwazo ni kimoja tu: fundi mgeni, tunayemwita Sindano. Kiswahili kakianza mwaka jana. Kwao wanasema lugha nyingine kabisa. Lakini kola anazoshona dada huyu! Hata mimi husimama kuzitazama. Lazima aharibikiwe.

Jumanne, 5 Machi
Sindano kaniuliza amsifu vipi Mama Bosi, mwenye kiwanda, kwenye kikao cha kesho. Ngekewa hiyo! Nikamwambia aseme Bosi ana mkono wa birika. Akaandika kwenye daftari, akanishukuru mara tatu. Roho ilinisuta. Nikanywa chai, ikanyamaza.

Jumatano, 6 Machi
Kasema! Mbele ya mafundi wote! Na Bosi huyu hata uzi hutupimia kwa shubiri. Mkasi uliniponyoka. Bosi akauliza, taratibu sana, maana yake nini. Sindano akajibu kuwa birika halichagui kikombe. Huinamia kila kimoja. Kisha Bosi akafuta macho, akasema tangu azaliwe hajasifiwa hivyo. Kufumba na kufumbua, napiga makofi. Mimi! Kwa nguvu kuliko wote!

Alhamisi, 7 Machi
Dawa ya moto ni moto. Nikamwomba Sindano msemo wa kwao wa kumsifu mkubwa. Akanipa kwa moyo mweupe: kwao mwenye busara huambiwa tumbo lake lina taa. Sikungoja maelezo. Mbio hadi kwa Bosi: "Mama, tumbo lako lina taa, kila mtu analiona!"
Akaliangalia. Akauliza kama namwona mjamzito kwa umri ule, au mnene tu. Sindano akaja kunitetea, akaeleza vizuri mno. Bosi akaelewa. Nimehamishiwa kwenye vifungo hata hivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Sindano ndiye msimamizi. Ombi lake la kwanza: niwe msaidizi wake. "Kaka huyu ndiye mwalimu wangu," alisema. Machozi yalinilenga. Fundi hodari, hana kinyongo, na kola zile! Nampenda kama ndugu.
Jumatatu anatambulishwa kwa wateja. Kaniuliza atangazeje cheo chake kipya kwa Kiswahili kizuri.
Nikamwambia aseme amepigwa kalamu.