Picha Sitini za Rebecca

Jumatatu, 3 Machi

Njogu ameninyang'anya matanga mawili kwa wiki moja. Studio yake inatazamana na yangu hapa Kitengela. Amepata programu ya kusafisha picha za marehemu: makunyanzi yanatoweka, macho yanang'aa, wafiwa wanamshika mkono kwa shukrani. Mimi Gakuru, miaka kumi na minne nikitengeneza vijitabu vya mazishi, nakaa nikifukuza nzi.

Mchana Mungu akanikumbuka. Akaingia Mzee Ledama wa Kisaju. Amefiwa na mkewe, Rebecca. Mazishi ni Jumamosi. Simu ya marehemu ilipasuka, imebaki memori kadi tu, na ndani yake picha sitini. Hana zingine. Alikuwa ameifunga kwa leso kama jino la mtoto.

Nikazihamisha kwa kompyuta, na nakala kwa diski ya nje. Kisha nikafanya jambo la akili. Nikazifuta kwa kadi, na kadi nikabaki nayo! Nikamwambia mzee kwangu ni salama zaidi. Sasa hata Njogu amwite kwa tarumbeta, hana cha kumpelekea. Ledama akanishukuru mara mbili. Ashe oleng, ashe oleng.

Jumanne, 4 Machi

Kadi ni kubwa, ningeiacha ikae bure? Nimeiweka kwa kamera na kupiga picha za pasipoti za shule nzima ya udereva. Imejaa.

Programu ya Njogu inauzwa. Mimi nimeipata bure! Mtu ametuma linki kwa kikundi cha wapiga picha. Maagizo: zima antivirusi kwanza. Nikaizima. Mugure, mke wangu, alikuwa akikata karatasi. Akauliza ni mgeni gani huyo anayetaka mlinzi afukuzwe ndipo aingie. Nikamwambia teknolojia aniachie mimi.

Programu haikufunguka. Dirisha jeusi limepita kwa skrini, basi. Nitajaribu kesho.

Jumatano, 5 Machi

Balaa.

Faili zote zimebadilika majina. Hakuna picha inayofunguka. Kila folda iko na barua ya Kiingereza: tumefunga faili zako, ufunguo tuko nao sisi, lipa kwa sarafu ya mtandaoni ndani ya saa sabini na mbili.

Nikacheka. Si niko na diski ya nje? Nikaichomeka papo hapo. Nikaona majina yakibadilika, moja baada ya lingine, mbele ya macho yangu. Nilipoichomoa hakukuwa na kilichobaki.

Nikawaandikia hao wezi. Nilianza na salamu. Nikawaeleza haya ni matanga, na kama watu wenye mama zao, wapunguze kidogo. Wakajibu kwamba saa zinaenda.

Ledama akapiga simu kuuliza kazi imefika wapi. Nikasema picha zinapendeza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebeba kompyuta kwa gunia hadi Kajiado, kwa fundi anaitwa Soipan. Mama mkali, maneno machache. Alisema nilipoona barua ningekata intaneti na nisichomeke kitu chochote. Akapiga barua ile picha, akatafuta kwa kompyuta yake kama kuna ufunguo wa bure. Aina zingine za hiki kirusi ziko na ufunguo. Hii yangu haina.

Nikauliza kuhusu kulipa. Akasema ameona watu wakilipa na wasipewe kitu, na wakipewa, wezi wanajua mlango wako. Anaweza kufuta diski yote na kuweka kila kitu upya. Mnyama atatoka. Lakini faili alizofunga zitabaki zimefungwa.

Halafu akauliza kadi ya mzee iko wapi. Picha zilizofutwa hurudishwa, alisema, mradi hakuna kitu kilichowekwa juu yake.

Nikaitoa mfukoni. Nikamweleza shule ya udereva.

Akaiweka kadi mezani. Akauliza nilifuta kwa nini. Nikasema ili mzee asiende kwa mtu mwingine.

"Kwa hivyo wewe ndiye ulizifunga wa kwanza," akasema.

Nilikasirika sana. Mteja haongeleshwi hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Soipan alijaribu mpaka asubuhi hii. Imerudi picha moja. Nyingine ni vipande vya kijivu, na nyuso za madereva.

Hiyo moja: Rebecca anaenda kwa tangi, mtungi mkononi, shuka nyekundu. Amepigwa kutoka nyuma.

Nikawaza: kuna mama mmoja pale sokoni anayeweza kufanana naye. Ningempiga picha, niififishe kidogo... Mugure akaniambia nikithubutu, atarudi kwao Nyeri. Akasema nimpigie mzee simu nimwambie ukweli leo. Nikasema nitapiga. Sikupiga.

Jumamosi, 8 Machi

Kisaju. Watu wengi, upepo, vumbi. Niligawa mwenyewe vijitabu nilivyotengeneza kwa kompyuta ya kuazima, nikitazama chini.

Mjukuu wa marehemu, msichana wa miaka kama mitano, alishika chake. Akakigeuza. Akatazama upande wa pili. Alikuwa anatafuta uso.

Ledama akanijia.

"Nilikupea uso wa mke wangu," akasema. "Umenirudishia mgongo."

Nikasema ni virusi. Akauliza virusi ni nani, na wanatoka wapi, na Rebecca aliwakosea nini. Kisha akasema mgeni haondoki na njaa, akaniletea nyama kwa sahani, mwenyewe. Nilitafuna.

Jumatatu, 10 Machi

Jana sikuenda kanisa. Nililia, na Mugure hakuniuliza.

Leo kompyuta imerudi kutoka Kajiado. Safi, tupu, inakimbia kama mpya. Na nikafikiri: siku mbili nimesimama nyuma ya Soipan nikitazama kila kitu. Kazi naijua!

Bango liko juu tangu saa nne: TUNAONDOA VIRUSI. Njogu amelisoma mara tatu akijifanya anafagia.

Mteja wa kwanza ni mwalimu Phylis. Kompyuta yake inaenda polepole, na ndani kuna picha zote za watoto wake. Akauliza kama aweke nakala mahali kwanza. Nikamwambia asijisumbue. Akauliza kama nimewahi kuifanya hii kazi. Nikamwambia juzi tu nimemaliza moja ngumu sana kule Kisaju, na mteja aliniletea nyama kwa mkono wake.