Meno Matatu ya Karani

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyefungua daftari hili, lifunge! Hukufunzwa adabu? Kama ni wewe binti yangu, funga mara mbili. Ungetaka kujua habari zangu ungekuja kuniuliza mdomoni, si kupekua chini ya mto wa mama yako.

Haya. Leo nimesoma tangazo ukutani pa zahanati. Nimelisoma lote, na darasa langu la nne. Wenye madigrii walikuwa wanapita tu. Linasema atakayeng'atwa na mbwa aripoti ofisi ya mifugo siku hiyohiyo. Mbwa afungwe siku kumi, aangaliwe. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: aliyeng'atwa akiwa mzee, ofisi itampigia jamaa yake wa karibu.

Itampigia! Ofisi!

Mimi nikimpigia binti yangu, yuko kwenye mkutano. Yeye hupiga Jumapili, dakika tatu, nasikia sufuria zikigongana huko kwake. Hajafika hapa mwaka na miezi minne. Lakini ofisi ikipiga, nani hapokei?

Nimelala nikicheka peke yangu. Ukuta haukucheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimechemsha uma. Mimi si mchafu. Nimekaa jikoni, nikauma leso, nikajichoma kwenye shavu la mguu. Mara moja tu. Jamani! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Na uma je?

Ofisini nikasema ni mbwa wa kupita, simjui. Msichana wa mapokezi, mwenye kucha ndefu, akanijibu bila kuinua macho kwamba mbwa asiyejulikana hafunguliwi faili. Hakuna faili, hakuna simu. Nikatembea kilomita mbili na mguu umetoboka niambiwe hakuna simu?

Ulimi ukaponyoka. Nikasema: mbwa wa Fundi Saa, jirani yangu. Anaitwa Karani.

Msichana akaandika haraka. Niliona namba ya binti yangu inaingia kwenye fomu, nikasahau mengine yote.

Wakanipeleka zahanati, sindano. Kumbe zipo nne, si moja! Muuguzi akatazama kidonda, akasema mbwa huyu meno yake yamepangwa vizuri kuliko yake yeye. Nikamwambia afanye kazi yake. Alinishika mkono kabla ya kudunga, akauweka kwenye kiganja chake. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika mkono. Nikamwambia asiharakishe, mshipa wangu ni mgumu kuuona. Akasema sindano hii haitafuti mshipa. Mjuaji.

Jioni simu. Binti yangu analia! Mama, mama, mama. Anakuja Jumamosi. Nimeweka simu chini nikatembea chumbani kama bibi harusi.

Jumatano, 5 Machi

Karani hakuja.

Nieleze, kwa anayesoma bila ruhusa. Mbwa huyu ni mzee kama mimi. Kila siku saa moja asubuhi hupita tundu la ua, akakagua mlango wangu, sufuria zangu, viatu vyangu, kama karani wa ukaguzi. Ndiyo maana ya jina. Kisha hukaa kizingitini nikampa ganda la mkate lililoloweshwa chai. Hulowesha mimi. Kutafuna hawezi.

Leo nimelowesha ganda, nikangoja. Nikasikia mnyororo upande wa pili. Afisa mifugo alikuwa ameshapita.

Fundi Saa naye kimya. Miaka ishirini, kila asubuhi, hunipigia kelele juu ya ua: "Bibi, bado upo?" Nami humjibu: "Nipo! Unaharakia kaburi langu, umechimba wewe?" Leo alikuwa kwenye meza yake barazani, kioo chake jichoni, ameinamia saa ya mtu. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Hakuinua kichwa. Paka wake ndiye aliyenitazama, lile paka jeusi lisilompenda mtu, lililompasua muuza mkaa kidole.

Ganda nimelila mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Sindano ya pili. Muuguzi ni mwingine, hashiki mkono.

Nimetandika kitanda cha binti yangu. Nimetandua, nimetandika tena, mashuka ya maua.

Afisa mifugo kaja kwa Fundi, nimesimama nyuma ya ua kuchambua majani yasiyohitaji kuchambuliwa. Anataka kadi ya chanjo ya Karani. Fundi kapekua sanduku, kapekua droo za saa, hakuna. Afisa akasema, kwa upole, na upole wa ofisi ndio unaotisha: bila kadi, mbwa aliyeng'ata hawezi kufungwa nyumbani. Jumatatu atachukuliwa. Fundi akauliza atarudi lini. Afisa akafunga faili lake.

Nimechungulia kwenye tundu. Karani kaniona, katingisha mkia. Mjinga! Hajui aliyemfunga ni nani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepika tangu asubuhi. Sahani mbili.

Saa saba, simu. Kazi imeingiliana. Mwezi ujao, mama, Mungu akipenda. Akaomba nimtumie picha ya kidonda. Nikamwambia simu yangu haina macho.

Nikamuuliza na hicho chakula nikipeleke wapi. Akasema kiweke, kitaliwa kesho. Na nani? Sikumuuliza hilo. Nina fahari yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Wamekuja na gari lenye kizimba. Fundi Saa amemshika Karani shingoni kama mtu aliyeshika mtoto mlangoni mwa shule. Mikono inayofunga skrubu ndogo kama punje ya mchanga, leo imeng'ang'ania mnyororo.

Nikapita tundu la ua. Ndiyo, mimi, kwa magoti, na khanga ikabaki kwenye miba.

Kwanza nikasema kosa ni langu, nilimkanyaga mkia. Afisa akasoma faili: nilisema nilikuwa nimekaa jikoni. Nikasema nilikuwa nimekaa, nikakanyaga. Akauliza mkia wa mbwa ulifikaje chini ya kiti. Nikamwambia yeye ndiye afisa, achunguze.

Akaita wenzake walete kamba.

Basi nikamfungua Karani mdomo. Hesabu! Akahesabu. Matatu: mawili chini, moja juu, na hilo la juu linacheza. Nikapandisha gauni kidogo, nikamwonyesha mguu. Matundu manne, yamejipanga kama vifungo vya shati. Kisha nikachomoa uma mfukoni nikaupachika juu yake. Ukakaa sawasawa.

Afisa akauondoa, akaupachika tena mwenyewe.

Fundi akanitazama, akautazama uma. Nikatazama chini, nikijiandaa kutukanwa, maana nilistahili. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka kioo kikamdondoka jichoni. Kisha akageuka ukutani, na mabega yake hayakuwa yanacheka tena.

Afisa kanisomea sheria: taarifa ya uongo ni kosa, safari hii onyo, nyingine mahakamani. Faili limefutwa. Fundi ampeleke mbwa chanjo ndani ya wiki. Nimeitikia yote. Mwishoni nikamuuliza, kwa kutaka elimu tu, kama sheria hii inahusu na paka. Akasema hapana, Bibi, mbwa peke yake.

Jumanne, 11 Machi

Saa moja kamili, Karani mlangoni. Kakagua sufuria, kakagua viatu, kakaa. Nimemloweshea ganda zima.

Juu ya ua: "Bibi, bado upo?" Nikajibu nipo, na uma ninao. Akaniambia nizibe tundu kabla paka wake hajalizoea. Aondoke huko.

Mchana binti yangu akapiga. Ofisi imemwambia yote. Kanigombeza kama yeye ndiye aliyenizaa. Aibu, mama, umri wako! Halafu sauti ikalegea. Akasema: "Mama, ingekuwa umeng'atwa kweli, ningefika siku hiyohiyo."

Siku hiyohiyo. Mwanangu si mwongo.

Nimekaa nalo jambo hili mpaka chai ikapoa. Uma ndio ulioharibu. Meno ya mbwa ndiyo yaliyoharibu. Paka wa Fundi ana meno yote, hana kadi, hana faili, hana afisa. Shuka za maua bado zimetandikwa.

Karani, sikiliza, acha kulamba kiatu. Tundu sizibi. Kesho saa moja, njoo na yule paka.