Kocha Aliyekwama Kazimia

Siku Étoile ya Baraka ilipofungwa na timu ya Misisi kwa mara ya tatu mfululizo, mji mzima ulikasirika na mtu mmoja tu akaondoka kiwanjani akitabasamu. Mtu huyo aliitwa Dieumerci. Si kwamba hakuipenda timu. Aliipenda, na goli la tatu lilimuuma kama jino bovu. Lakini alikuwa na kanuni moja maishani: mtu mwenye hasira haulizi maswali, na mtu asiyeuliza maswali ndiye shamba la Dieumerci.

Mjini walimwita Conseiller. Alikuwa mshauri wa nani, hakuna aliyejua, wala hakuna aliyethubutu kuuliza, kwa sababu alivaa koti hata kwenye jua la saa saba na alibana bahasha kubwa ya kahawia kwapani. Ndani ya bahasha hiyo mlikuwa na bahasha nyingine.

Kitu kimoja kilimnyima usingizi, nacho ni pikipiki. Baraka ilikuwa imeanza kumzoea, na mji ukishamzoea mjanja, ujanja unageuka kuwa umaskini. Kule Misisi na Lulimba, kwenye mashimo ya dhahabu, kulikuwa na watu wapya wasiomjua, wenye bahati mpya na akili iliyolewa kwa bahati hiyo. Ila Conseiller hawezi kuingia Misisi akiwa amebanwa nyuma ya dereva, katikati ya magunia mawili ya muhogo. Lazima aingie akiendesha mwenyewe.

Basi Jumatatu asubuhi akaenda dukani kwa Papa Roger, muuza saruji na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye ndiye rais wa klabu. Alimkuta ameketi juu ya mfuko wa saruji, kikombe cha chai mkononi, uso umekunjamana.

"Ule Ndabaneze iko muntu muzuri," alisema Papa Roger bila kuulizwa. "Lakini haiko na sura ya ushindi. Anakuya ku match na bottes za shamba."

Jacques Ndabaneze ndiye aliyekuwa kocha. Alitoka Burundi pamoja na wakimbizi wengine, asubuhi akalima muhogo wake, jioni akafundisha mpira. Miaka minne alifundisha bila kulalamika. Miaka minne Papa Roger alimwahidi baiskeli, na miaka minne baiskeli hiyo ilikuwa njiani. Safari yake ilikuwa ndefu kuliko ya wana wa Israeli.

Dieumerci akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti.

"Président, mi sikusema kitu."

"Hujasema kitu," Papa Roger alikubali.

"Ndiyo. Na batu bakikuuliza, ubaambie Conseiller hakusema kitu juu ya ule kocha mukubwa."

Papa Roger akaweka kikombe chini. "Kocha gani mukubwa?"

"Njo ile mi sisemi."

Akaaga, akaenda zake. Ndugu msomaji, ukitaka habari ienee pande za ziwa hili, usiitangaze. Ikanushe tu, na uikanushe kwa mtu mmoja.

Kufika adhuhuri, kocha mpya alikuwa amepata urefu. Kwenye ufuo wa wavuvi walisema ni mrefu kama mlingoti. Kwenye kituo cha madereva wa pikipiki walisema ana jino la dhahabu. Kwaya ya Waprotestanti ilitoka mazoezini ikiwa na hakika kwamba ni mtu wa sala, na kwaya ya Wakatoliki ilitoka ikiwa na hakika kwamba alibatizwa kwao. Hata jina halikutoka kwa Dieumerci. Alilisikia kwa mara ya kwanza kwa mama muuza mikate: Maître, yaani Mwalimu, Irankunda. Akaliandika juu ya bahasha asije akalisahau.

Siku ya tatu akaingia Mama Adolphine, mkuu wa bamama wanaoshangilia Étoile, mwanamke ambaye hata refa alimwamkia kwanza. Yeye hakutaka kujua kama Maître anakuja. Alitaka kujua nani anampokea. Maana mgeni wa heshima hapokelewi hivi hivi. Lazima kuwe na kamati ya mapokezi, kitenge cha namna moja, wimbo, na ugomvi wa nani asimame mstari wa mbele. Vitenge vilishonwa. Wimbo ulitungwa. Ugomvi ulipelekwa kwa Conseiller auamue, naye akauamua kwa haki kabisa: kuku wawili kwa kusimama mbele, kuku mmoja kwa kusimama nyuma. Kuku wote walikuwa wa kumkaribisha Maître, na wengine walianza kumkaribisha siku hiyohiyo ndani ya sufuria ya Dieumerci.

Papa Roger aliona bamama wanampita kwa ukarimu. Jambo hilo lilimchoma. Ijumaa akatoka dukani akisukuma pikipiki nyekundu, au moto kama wanavyoiita Baraka, mpya, kiti bado kimefunikwa plastiki.

"Kocha wa namna ile hawezi kutembea na miguu," akawaambia watu waliokusanyika. "Hii moto iko yake. Atapata funguo siku ya kuingia kazini."

Dieumerci alisimama pale akaitazama pikipiki ile, na moyo ukamwenda mbio kama wa kijana anayeposa. Kuku walikuwa mzaha. Hii ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Usiku huo alipanga kila kitu kabla hajavua koti. Maître angekwama Kazimia, bandari ya mbali kando ya ziwa, kwa sababu ya mawimbi. Nani amfuate kwa pikipiki? Conseiller, bila shaka. Na akifika Fizi angeuelekeza usukani Misisi, na Baraka isingemwona tena.

Kesho yake Ndabaneze akaja kwake. Alivua kofia mlangoni. Matope ya shamba yalikuwa bado kwenye buti zake.

"Conseiller, batu banasema banataka kunibadilisha."

"Kocha, we unajua batu. Binywa yabo haichoki."

"Haina shida. Muntu anaingia, muntu anatoka." Ndabaneze aligeuzageuza kofia mikononi. "Mi naomba tu kitu kimoja. Tufanye remise et reprise muzuri, mbele ya batu. Nisitoke kama mwizi."

Dieumerci aliona aibu. Ilikuwa aibu ya kweli, ikamkaa kifuani kwa muda wa kumeza mate mara mbili, kisha ikapita.

Sasa nieleze kidogo. Katika nchi hii mtu anaweza kuzaliwa bila karatasi, akaoa bila karatasi, akazikwa bila karatasi. Lakini haachi kiti bila remise et reprise. Anayetoka anaandika kila kitu anachokiacha kwenye hati iitwayo P.V., anayeingia anatia sahihi kwamba amekipokea, mhuri unapigwa, watu wanapiga makofi. Hata mlinzi wa kisima hufanyiwa. Papa Roger alipolisikia wazo hilo alifurahi mno, akaamua kwamba hata pikipiki iandikwe humo, na funguo zitolewe baada ya sahihi.

Jumatano saa nane kiwanja kilijaa. Bamama walisimama mistari miwili, kuku wawili mbele, kuku mmoja nyuma. Wimbo ukaimbwa hadi mwisho, ukarudiwa, na Maître hakutokea. Ndipo Dieumerci akapanda juu ya kiti, uso umejaa majonzi.

"Bapapa na bamama, Maître amenipigia telefone. Iko Kazimia. Ziwa imechafuka, boti imekataa kutoka. Anaomba pardon. Amenipa mimi procuration nisaini kwa jina lake, kisha niende kumufuata na moto."

Akachomoa karatasi. Watu wakaguna kwa huruma. Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa ziwa hilo lilikuwa limewahi kumchelewesha mahali kila mtu aliyekuwa pale.

Ndabaneze akasimama na daftari lake, akasoma polepole kama anayesoma somo kanisani. Mipira minne, mmoja unavuja. Jezi kumi na tatu, moja haina namba. Filimbi moja. Wachezaji ishirini na wawili, na kipa mmoja kati yao ambaye hali kitu siku ya mechi asipobembelezwa. Pikipiki moja nyekundu, mpya. Na anayetia sahihi, awe mwenyewe au mjumbe wake, anaingia kazini saa hiyohiyo na anajibia vyote mpaka mwenyewe afike.

Dieumerci alisikia neno pikipiki. Baada ya hapo masikio yake yalifunga duka. Alitia sahihi yenye mikia mitatu, mhuri ukapigwa, makofi yakalia. Papa Roger akainua funguo juu watu wazione. Dieumerci akanyoosha mkono.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Adolphine. "Entraînement ya leo, ile mazoezi ya batoto, nani anafanya?"

Mkono wa Dieumerci ukabaki hewani. "Mama, mi nakwenda kumufuata Maître."

"Unakwenda wapi? Umesaini sasa hivi. Siku ya Yenga, Jumapili hii, tunacheza tena na Misisi. Tubaki siku ine bila kocha? Batoto babaki kama bayatima?"

"Ni kweli," alisema Papa Roger. "P.V. inasema anayesaini anaingia kazini saa ileile."

"Lakini mi njo najua sura ya Maître."

Ndabaneze akakohoa kwa adabu. "Président, mi sasa sina kazi. Naweza kwenda kumufuata. Ni heshima kati ya bakocha. Na sura yake, Baraka yote imenielezea wiki nzima. Murefu, na jino ya dhahabu."

Makofi yaliyopigwa wakati huo yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo. Watu walisema hawajawahi kuona mtu anayetoka kwa moyo mweupe namna hiyo. Bamama wengine walifuta machozi kwa ncha za vitenge vipya. Funguo zikapita mbele ya pua ya Dieumerci, zikatua kwenye kiganja cha Ndabaneze.

Saa moja baadaye Ndabaneze alipita kiwanjani akiendesha. Mkewe, Arlette Nibigira, alikaa nyuma na sufuria mapajani. Nyuma yake kulikuwa na godoro lililofungwa kwa kamba.

"Kocha, matela ya nini?" aliuliza Mama Adolphine.

"Maître iko mugeni mukubwa, mama. Anaweza kuchoka njiani."

"Na sufuria?"

"Ya kumupikia," alijibu Arlette.

Mama Adolphine akawatakia safari njema. Dieumerci, ndani ya koti lake, alikuwa ameanza kukimbia duru ya kwanza pamoja na wachezaji ishirini na wawili. Aliliona vumbi la pikipiki likipotea upande wa Fizi. Alitaka kupiga kelele, lakini angepiga kelele gani? Mwizi wa kitu ulichotaka kuiba humwiti mwizi. Akakimbia duru ya pili.

Alhamisi watu walimuuliza kama Maître ameonekana. Akasema ziwa. Ijumaa wakamuuliza, akasema ziwa. Jumamosi ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni, na Dieumerci akasema upepo uko upande wa Kazimia peke yake. Alifikiria kutoroka kwa miguu, ila kipa alikuwa amehamia kwake, na bamama walipokezana mlangoni wakimletea kocha wa muda chakula. Hakuwahi kulindwa kwa upendo kiasi hicho.

Jumapili lori la Misisi likaingia, limejaa wachezaji na nyimbo. Nyuma ya lori ilikuja pikipiki nyekundu. Ndabaneze alishuka akiwa amevaa shati jeupe, akasalimia watu wote kwa kofia, akaenda kuketi kwenye benchi la Misisi.

Mechi sitaisimulia. Étoile ni timu ya watu na watu hao wana watoto. Ilikuwa nne kwa sifuri.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Papa Roger alivuka kiwanja, Mama Adolphine ubavuni, Dieumerci nyuma yao akisukumwa na umati.

"Ndabaneze," alisema Papa Roger, "moto yetu?"

"Ile pale, Président. Hata alama haina." Ndabaneze alisimama. "Nilifika Kazimia. Nikauliza ku bandari juu ya Maître Irankunda. Batu ba bandari baliniambia neno moja juu yake." Akamtazama Dieumerci kwa upole, kama anayemtazama mgonjwa. "Ile neno naweza kulisema apa, mbele ya batu bote. Ao naweza kuendelea kumutafuta. Njo maana nilipita Misisi, pengine alipitia kule. Ba Misisi bananisaidia tu chakula wakati niko natafuta."

"Neno gani?" aliuliza Mama Adolphine.

"Mama, mi haiko tena kocha wa Étoile. Kwa P.V., moto na Maître, byote biko ku mikono ya Conseiller. Yeye aseme. Akitaka nirudishe moto, nitarudisha, na nitasema na neno. Akitaka nitafute, nitatafuta."

Dieumerci aliitazama pikipiki. Plastiki ilikuwa bado kwenye kiti. Aliwatazama bamama mmoja mmoja, wale wa kuku wawili na wale wa kuku mmoja, na akaona kwamba wote walikuwa wamevua kandambili na kuzishika mkononi, pengine kwa sababu ya joto. Alitamani kulia, na hakukuwa na mtu hata mmoja duniani wa kumlilia.

"Aendelee kumutafuta," alisema.

"Mupaka lini?" aliuliza Papa Roger.

"Mupaka amupate. Na asikimbie, barabara iko mubaya."

Ndabaneze akavaa kofia yake, akawasha pikipiki, akalifuata lori. Papa Roger alitikisa kichwa, akasema mtu mwaminifu kama yule ni vigumu kumpata siku hizi.

"Na entraînement ya kesho?" aliuliza Mama Adolphine.

"Saa kumi na mbili asubuhi," alijibu kocha mpya wa Étoile.