Soseji ya Sauna Haihesabiwi

Lepikkolahti, Alhamisi

Kwa Mganga Mkuu,
Kituo cha Afya, Lepikkolahti.

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: MUUGUZI WAKO KUNIPA AFYA NISIYOIOMBA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa kama u mgonjwa basi umenizidi bahati. Mimi ni Urpo Hakosalo, dereva mstaafu wa gari la kuondoa theluji, mkazi wa jengo la manjano nyuma ya kanisa. Sijawahi kulalamika kwa maandishi maishani mwangu, hata mwaka ule mliponing'oa jino zima mkaliacha bovu. Lakini lililonipata safari hii limevuka mpaka, na ninakuomba ulisome mpaka mwisho kwa utulivu, ikiwezekana ukiwa umekaa.

Mwezi wa kwanza niliitwa kwenye uchunguzi wa wastaafu. Nilikwenda kwa adabu, nimevaa shati safi. Nikapokewa na Muuguzi Saila Törmänen, mtoto wa juzi, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na hapo ndipo maisha yangu yalipoharibika. Madhara ni kama ifuatavyo.

1. Kuhusu kuhesabiwa soseji. Aliniuliza ninakula nini. Nikamjibu ukweli mtupu: mkate mweusi, viazi, samaki na uji. Akaniuliza kuhusu soseji, nikasema sili. Akaniuliza kuhusu bia, nikasema sinywi. Akanitazama tumbo, akatabasamu, akauliza, "Na saunani je, mzee wangu?"

Ndugu Mganga Mkuu, wewe ni mtu wa hapa hapa. Unajua, kama alivyojua mama yako na bibi yako, kwamba kinacholiwa saunani hakihesabiwi. Soseji iliyofungwa kwenye karatasi ya foili, ikaokwa juu ya mawe ya moto ya sauna, ikapakwa haradali, si chakula. Ni sehemu ya kuoga mvuke. Na bia ya saunani si pombe; ni kurudisha maji yaliyotoka mwilini. Nikamweleza hivyo bila kificho, kwamba kila Ijumaa mimi na rafiki yangu Ensio tunakula nne kila mtu, pamoja na bia zake. Binti yule akaziandika. Akazijumlisha na viazi vyangu vya halali, akanipima presha, kisha akaniambia kwa upole kwamba mishipa yangu haijui kama niko saunani au kanisani.

2. Kuhusu kahawa. Nilikuwa nikinywa kahawa kama binadamu yeyote wa huku: nikiamka, nikishaamka vizuri, kabla ya chakula, baada ya chakula, mgeni akija, na mgeni asipokuja. Akanikatia, ati ndiyo inayoninyima usingizi. Sasa nikienda kuhani msiba nikawekewa kikombe, nasema hapana asante, na familia nzima inadhani niligombana na marehemu. Na usingizi wenyewe, kwa masikitiko, umekuja. Nalala fofofo. Zamani nilikuwa nakesha dirishani, najua nani karudi saa ngapi na miguu yake ilikuwa inaelekea wapi. Siku hizi habari za jengo letu nazipata kwa kuuliza.

3. Kuhusu fimbo. Aliniagiza nitembee kila siku, tena na fimbo mbili mikononi. Nimetembea kwenye theluji, nimetembea kwenye matope ya majira ya kuchipua, nimetembea kiangazi kizima huku watu wananiuliza skii zangu za kutelezea theluji nimezisahau wapi. Matokeo yake suruali zangu zote zimenikataa, na mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Mke wangu Hilppa, ambaye kwa miaka mingi tulikuwa tumekubaliana kimyakimya tusitazamane sana, ameanza kunitazama. Juzi kaniambia, "Baba, umeanza kupendeza. Usinizoeshe." Nakuuliza kwa heshima zote: umri huu mimi nianze kupendeza? Nimeanza kunyoa ndevu katikati ya wiki. Hayo ndiyo mliyonifanyia.

4. Kuhusu kukosa la kusema. Nje ya duka letu kuna benchi wanapokaa wastaafu. Sisi si watu wa maneno mengi, na tukiongea tunaongea jambo moja tu, nalo ni magonjwa. Huyu ana goti, yule ana sukari, yule wa pembeni ana nyonga ya chuma. Presha yangu mimi ilikuwa inaheshimika. Nikiitaja, benchi zima linanyamaza. Sasa imeshuka mpaka naona haya kuitaja. Wiki iliyopita nilijaribu kujitetea kwa kuleta habari ya unyayo unaowasha. Walinisikiliza kwa huruma, kisha wakamgeukia mwenye nyonga.

5. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililonishikisha kalamu. Sauna ya jengo letu iko chini kabisa, pembeni ya stoo ya baiskeli, na kila kaya ina zamu yake. Ijumaa jioni ni zamu yangu na Ensio Vähäkangas, fundi umeme mstaafu wa ghorofa ya kwanza, tangu sote wawili tukiwa na nywele. Siku nyingine za wiki hatuongei. Tukikutana kwenye ngazi tunaguna, inatosha. Lakini kule chini, tukiwa uchi juu ya benchi la juu, taa imezimwa, tumeambiana kila kitu. Mtoto wetu alipozaliwa akafa, Ensio ndiye wa kwanza niliyemwambia. Alimwagia mawe maji, akasogea akakaa karibu nami, tukatoka jasho pamoja mpaka nikaweza kulia bila mtu kujua ni machozi au ni jasho. Sina rafiki mwingine, wala sitafuti.

Basi Ijumaa ya kwanza nilipokataa soseji, Ensio alidhani nimeugua. Ya pili alidhani nimemkasirikia. Ya tatu nilipoingia na karoti kwenye kibakuli, akaelewa, akanuna. Nilivumilia hivyo hivyo mpaka juzijuzi, nilipofanya kosa la kumwambia kwamba hata za kwake zinahesabika. Nilisema kwa nia njema, kwa sababu siku hizi Ensio akipanda ngazi husimama katikati, anasema anatazama mandhari, na ngazi zetu hazina dirisha. Akateremka kutoka benchi la juu, akajifunga taulo, akasema, "Urpo, mimi nilidhani naoga na rafiki. Kumbe naoga na kituo cha afya. Hayo yakikutoka kichwani, urudi."

Sijarudi. Kila Ijumaa nasikia mlango wa chini ukifungwa, anaingia peke yake, nami niko juu na Hilppa, mzima wa afya, natafuna karoti. Naumia, Ndugu Mganga Mkuu, na kwa umivu hilo nimeambiwa hamna kipimo.

Kwa hayo, naomba kituo chako kitoe tangazo rasmi kwamba kinacholiwa saunani hakihesabiwi, libandikwe mlangoni mahali pa wazi, nami nipewe nakala nimpelekee Ensio. Hilo likishindikana, nirudishiwe presha yangu kama nilivyoileta. Na hilo nalo likishindikana, nipewe cheti cha ugonjwa wowote wenye heshima. Sichagui, ila usiwe wa unyayo. Muuguzi Törmänen naye apewe onyo, au ahamishiwe idara ya watoto wachanga, ambao bado hawajaanza kwenda zamu ya Ijumaa.

Nakujulisha pia kwamba subira imeniishia. Kesho ni Ijumaa, na soseji nimeshanunua. Nitaingia nazo saunani, nitazila zote mbele ya Ensio mpaka anisamehe, na litakaloupata moyo wangu liwe juu yenu.

Nisalimie dada wa mapokezi, daktari wa meno, yule bwana anayetoa damu bila kuumiza, na wagonjwa wote wenye bahati walioko kwenye foleni. Muuguzi Törmänen mpe salamu za wastani, zisizo na chumvi, kama anavyopenda yeye.

Wako, katika uzima nisioutaka,

Urpo Hakosalo

Nyongeza, Jumapili. Barua hii ilikuwa bado iko mezani haijapata stempu, ndiyo maana naiongezea.

Ijumaa niliingia saunani na soseji zangu. Ensio aliziona, akasogea kunipa nafasi yangu ya zamani, akaguna. Kwetu sisi huko ni kukumbatiwa. Nikaziweka juu ya mawe. Zilikuwa hata hazijaanza kutoa harufu, akainuka kuchota maji, akashika kifua, na taratibu akakaa sakafuni, mahali ambapo mtu hakai.

Ensio ni mtu mzito. Nilimbeba mpaka chumba cha kuvulia nguo, nikamlaza, nikapanda ngazi zote mbio mpaka kwetu ghorofa ya juu, uchi kama nilivyozaliwa, bila kusimama kutazama mandhari. Mama wa ghorofa ya pili nilimsalimia kwa kichwa. Hilppa akapiga simu ya dharura, nami nikashuka tena mbio, nikamshika Ensio mkono mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mwaka jana ningefia pale alipozoea kusimama yeye, na tungekuwa maiti wawili, mmoja kwenye ngazi na mmoja chini. Niliogopa ambavyo sijawahi kuogopa. Soseji ziliungua zikawa mkaa.

Yu hai. Leo nilikaa naye hospitali ya mkoa, na muuguzi wa huko, binti mwingine wa sauti ya kubembeleza, akaja na maswali yale yale. Soseji? Ensio akasema hali. Bia? Hanywi. Na saunani? Hapo akanigeukia, akanikazia jicho nimtolee ushahidi kama alivyostahili kutoka kwangu.

Nikasema, "Nne kila Ijumaa, dada, na tangu nilipoacha mimi anakula na zangu. Zihesabu zote."

Ensio akaugeukia ukuta. Lile tangazo la mlangoni, Ndugu Mganga Mkuu, naomba msilibandike.