Prezida Cubaka Azindua Ramani ya Familia Zetu

Waheshimiwa wachungaji na wake zao, waheshimiwa wazee wa makanisa, mheshimiwa Makamu wangu wa Louisville, mheshimiwa Makamu wa Makamu, wamama wa kwaya, ndugu zetu wa Buffalo mnaotufuata kwa simu, pamoja na ninyi mliotoka kazini kwenye depo hata viatu hamjabadilisha (vicheko): mimi, Prezida Cubaka, Mwanzilishi, Mshauri Mkuu na Prezida wa Umoja wa Familia za Kivu, ninawasalimia hapa Westerville, pembeni ya Columbus, kwa jina la maendeleo. (Makofi.)

Bon. Mnajua tulikuwa na ramani ya zamani kwenye internet. Ramani ya aibu. Ilikuwa na nini? Jina la mgonjwa, simu yake, barabara, namba ya apartimenti, siku zake za hospitali. Dereva wa kujitolea anafungua simu, anaona nyumba, anaenda kumchukua mgonjwa, basi. Hata picha yangu haikuwamo! (Mtu anaguna.) Donc, kwa maono ya uongozi wangu, tukaamua kuhamisha data zote kwenye system mpya, ya kisasa, jumuishi na endelevu.

Sandrine, binti yetu anayesoma chuo kikuu hapa Columbus, alituletea orodha ya safu za taarifa, akaomba tuweke alama kwenye zile za kuhamishwa, akaonya kwamba isiyo na alama haitahama. Watu wa kawaida wangemaliza kwa dakika tano. Sisi tulifanya vikao kumi na kimoja, na asilimia tisini na nane ya wajumbe walihudhuria angalau chakula. (Makofi kutoka meza ya wajumbe.) Tukaweka alama kwenye cheo, kwenye ukoo wa baba, kwenye ukoo wa mama. Tulipofika kwenye makao, mzee Gatsinzi akauliza: mtu wetu akiulizwa ni wa wapi, anajibu namba ya apartimenti? Thubutu! Anajibu Lemera, anajibu Walungu, anajibu Minembwe. Basi anwani za Amerika tukaziacha bila alama, tukachagua kijiji cha asili, maana mwacha asili ni mtumwa. (Vigelegele.) Na simu tukaziacha, kwa kuwa watu hubadilisha simu ovyo.

Ijumaa ya wiki iliyopita Sandrine akafanya jaribio. Ndugu zangu, kwenye ramani watu wote wa Louisville, Columbus na Buffalo walionekana wako Kivu! Buffalo palibaki peupe. Binti akashika kichwa, sisi tukacheza, mchungaji akaomba. Akatusihi turudishe anwani kabla ya kufunga ramani ya zamani. Nikamwambia nimekula chumvi nyingi kabla hajazaliwa. Ijumaa hiyohiyo nikaamuru ya zamani ifutwe, ikafutwa yote.

(Sauti kutoka Buffalo: "Prezida, Mama Emérence anakaa wapi?")

Ninashukuru kwa swali, na nitalijibu kwa mapana. Mama Emérence, kwa wasiomjua, ni mjane aliyehamia Buffalo kutoka Louisville miezi miwili iliyopita, na damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Jumatatu zamu ya kumpeleka ilikuwa ya Theogene wa Amherst, hapo jirani na Buffalo. Theogene akafungua simu, hakuona kitu, akazunguka Buffalo asubuhi nzima. Mama, ninaambiwa, alikaa mlangoni na koti mwilini na mkoba mapajani hadi saa sita. Jumatano vilevile. Wenye wivu wanasema tumempoteza. Uongo mtupu. Mama Emérence yuko Lemera, karibu na soko, tazameni hapa nyuma yangu.

(Sauti ileile: "Lemera nitafika na gari gani, Prezida?")

Theogene, mwanangu, maswali ya kiufundi tutayaundia kamati. Nikisema "Ramani", mnajibu "Asili". Ramani! (Wajumbe peke yao: "Asili.") Data! (Wajumbe wanatazamana.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Sandrine, aliyetuacha Ijumaa ileile kabla hajaanza kuitengeneza ramani mpya, na hadi leo hakuna aliyeianza. Namshukuru mwenye duka la kuchapa, aliyeihamishia picha ya lile jaribio kwenye kitambaa hiki mnachokiona, ambacho ndicho mradi wenyewe, mzima. Kwa namna ya pekee nawashukuru majirani wa Mama Emérence, wazungu wasioijua Lemera hata kwa jina, waliomsikia akianguka jana, wakaita ambulensi, wakawatajia wahudumu wake barabara na namba ya mlango. Amelazwa. Madereva wetu wote wako tayari kwenda kumwangalia, na anayejua ni hospitali gani, tafadhali atuambie.